Mama Mkwe na Vifungo vya Mgongoni

Paka nilimkuta. Watu wengi hudhani nilimleta mimi, na wakishaparurwa huniuliza nilimtoa wapi mnyama wa namna hii. Ukweli ni kwamba siku nilipokuja kukiona chumba yeye alikuwa amelala dirishani, na mpangaji aliyekuwa anahama alifunga vitu vyake vyote, mpaka misumari ya ukutani akaing'oa, akamwacha paka. Nilimuuliza, "Na huyu?" Akasema, "Huyo si wangu. Mimi pia nilimkuta." Kwa hiyo kwa haki ya kutangulia mgeni humo chumbani ni mimi, na paka hajawahi kuniacha nisahau.

Ni jike, rangi ya majivu, sikio moja limechanika, na uso wake ni wa mtu aliyeitwa kwenye kikao bila kuambiwa sababu. Ukimpa chakula hunusa, hukutazama, hunusa tena, kisha hula huku amekupa mgongo. Ukimshika anang'ata. Usipomshika anakuja kukung'ata kwa kuwa hukumshika. Vitu vyangu vidogo vyote vina alama yake: mto wa sindano umetafunwa, futi ya kupimia ina matundu ya meno, na kila kidonge cha uzi ninachokiweka mezani hukikuta chini ya kitanda.

Aliyempa jina ni mwenye nyumba. Siku moja alimwona amekaa kizingitini, ananitazama ninavyofagia, akasema, "Huyo si paka, binti. Huyo ni mama mkwe." Jina likamganda. Fundi viatu wa pale kona alipolisikia alicheka mpaka akadondosha nyundo. "Fundi," akaniambia, "wenzako hutafuta mume kwanza ndipo wapate mkwe. Wewe umeanzia mwisho!" Nikacheka naye. Nilipofika chumbani nikaona kwamba hakukuwa na la kuchekesha sana.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Mbele anakaa mwenye nyumba, nyuma nakaa mimi, na kati yetu kuna ukuta ambao haufiki darini. Mwanga wa taa yake huja kwangu, moshi wa jiko langu huenda kwake. Kikohozi chake nakijua, na yeye bila shaka anajua cherehani yangu inavyolia ikikosa mafuta. Lakini kuzungumza, tulikuwa hatuzungumzi, ila salamu na habari za paka.

Yeye mtaani wanamwita Mama Stempu, kwa sababu alifanya kazi posta tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kwenye dirisha la stempu. Ni mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita foleni. Anapenda vitu vikae mahali pake. Na Mama Mkwe hapendi kitu kikae mahali pake.

Nilivumilia mengi kwa ajili ya yule paka. Aliiba samaki kutoka kwenye kikaango cha Mama Stempu, akiwa bado wa moto, akaungua mdomo, kisha akanikasirikia mimi kwa muda mrefu. Aliangusha redio. Aliwahi kuingia chumbani kwa mama akalala ndani ya kofia yake ya baridi, na alipotolewa akaondoka na uzi wake umemnasa kucha, kofia ikafumuka mpaka uani. Kila mara nilikwenda kuomba radhi. Lakini siku alipopita kwenye mkaa kisha akapanda juu ya blauzi nyeupe za kazini zilizoanikwa, akazikanyaga moja baada ya nyingine kama anayegonga mihuri, Mama Stempu hakupiga hata kelele. Alikuja mlangoni kwangu, akasimama.

"Binti, nimevumilia."

"Nisamehe, mama. Nitazifua."

"Utazifua, ndiyo. Lakini sikiliza. Kosa moja tena. Moja tu. Yule bwana wa mkokoteni anayepeleka magunia soko la jumla, nitamwambia aondoke na gunia moja la ziada. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na ukiona huwezi kukaa bila huyo mkweo, mlango ni mpana. Mtapita wote wawili."

Soko la jumla liko mbali, ng'ambo ya barabara kubwa. Paka aliyepelekwa kule ndani ya gunia harudi.

Labda mtu atashangaa kwa nini nilihofia. Paka asiyenipenda, anayenila vidole, si ningeshukuru? Nitaeleza. Mama yetu alifariki nilipomaliza shule ya msingi, na aliyebaki ni dada yangu mkubwa, ambaye anaishi mbali, kwa mumewe. Hunipigia simu Jumapili. Tunaulizana hali, watoto wanalia nyuma yake, anasema, "Haya mdogo wangu, tutaongea vizuri siku nyingine." Kazi yangu ni vifungo. Kuna duka linaloshona mashati ya shule. Mimi huchukua furushi, natoboa matundu, natia vifungo, narudisha. Pale dukani nasema, "Nimeleta." Wananiambia, "Weka hapo." Kuna siku maneno hayo ndiyo yote niliyosemezana na binadamu. Mengine yote nilimwambia paka, na mengi yalikuwa "shuka hapo." Lakini nikifungua mlango jioni kuna kiumbe kinachoinua kichwa. Hata kama ni kunifokea, kinajua kwamba nimerudi.

Baada ya onyo lile nilimchunga kama mtu anavyochunga maziwa jikoni. Na mambo yangetulia, kama Mama Stempu asingekuja na kitambaa.

Alikuja mchana, akiwa amekikumbatia. Kilikuwa cha buluu iliyoiva, chenye maua madogo meupe. Alisema anastaafu. Watamuaga pale pale posta, kutakuwa na hotuba, na mkuu wa posta wa mkoa ametuma salamu. Fundi wake wa zamani amehama.

"Wewe unaweza gauni?"

Ukweli ni kwamba kushona naweza, kukata ndiko sikufundishwa. Fundi aliyenilea kazini alikata mwenyewe, hakutaka mtu aguse mkasi wake. Sisi wasichana alitupa vifungo na pindo. Nilijifunza kukata peke yangu, kwa magauni yangu mwenyewe, ambayo hakuna aliyeyatazama sana. Lakini alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, mtu wa kwanza kukaa pale tangu nilipohamia, na sikutaka ainuke.

"Naweza, mama."

Nikampima. Aliinua mikono kwa shida, bega lake moja lina maumivu. "Nataka zipu ya ubavuni," akasema. "Si ya mgongoni. Tangu marehemu aondoke najivalisha mwenyewe." Alisema hivyo kama anavyotaja bei ya stempu. Mama Mkwe alikuwa juu ya kabati, anatutazama. Mama Stempu akamtazama pia. "Asiguse kitambaa changu," akasema.

"Hatakigusa, mama."

Mimi hukatia sakafuni, kwa sababu meza ni ya cherehani tu. Nilifagia, nikapiga deki, nikatandika kitambaa kimekunjwa mara mbili. Kipande cha mbele nilikikata vizuri, mpaka nikaanza kuimba kidogo. Nikaandaa mgongo. Mgongo mzima hukatwa hivi: unachora karatasi ya nusu mgongo, unaiweka juu ya kitambaa, mstari wa katikati ukae kwenye mkunjo. Ukikata na kukunjua, unapata mgongo mmoja usio na mshono. Ni jambo ambalo hata mwanafunzi analijua.

Nilikwenda kuchukua chaki. Nilipogeuka, Mama Mkwe alikuwa amelala juu ya kitambaa. Amejinyoosha kwenye mkunjo, urefu wake wote, kama amepimiwa.

"Shuka hapo," nikamwambia, ingawa alikuwa sakafuni.

Akafumba macho.

Fundi mwingine angemsukuma kwa mguu. Mimi nilifikiri: nikimsukuma atashika kitambaa kwa kucha, na kitambaa kikichanika ndilo kosa lenyewe. Nikasubiri. Nilikunja nguo zilizofuliwa. Nilikaa chini nikamtazama tumbo linavyopanda na kushuka. Alilala usingizi mzito kuliko nilivyowahi kumwona akilala karibu yangu, na niseme kweli, nilifurahi. Ukiacha kulala juu ya kabati na juu ya dirisha, hakuwahi kulala mahali ambapo ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa. Sikunyoosha. Niliogopa kuamsha ule urafiki.

Jua likaanza kuondoka sakafuni, na taa yangu ni hafifu. Nikasema nitamzunguka. Upande wa pili wa kitambaa kulikuwa na nafasi ya kutosha. Nikageuza karatasi, nikaisogeza huko, nikaulaza mstari wa katikati kwenye ukingo ulionyooka, vizuri kabisa, ubavu ukaelekea kwa paka. Nikachora. Nikakata polepole, mkasi ukipita karibu na masharubu yake. Hata hakutikisa sikio.

Ukingo ule haukuwa mkunjo. Zilikuwa ncha mbili za kitambaa zilizo wazi. Nilipoinua, nilikuwa na vipande viwili mkononi, kushoto na kulia, na mgongo wa Mama Stempu umepasuliwa katikati, tangu shingoni mpaka chini.

Sikulia. Nilikaa. Kuviunga kwa mshono haikuwezekana, kwa sababu sikuacha nafasi ya mshono, na mwili wenyewe ulikuwa wa kulijaza gauni bila huruma. Kesho yake nilikwenda duka la vitambaa, mwenye duka akasema gora lile lilikwisha zamani. Nikarudi. Paka alinipokea mlangoni kwa kunifokea. Nikamwambia, "Umejitia kwenye gunia mwenyewe, na mimi ndiye niliyekushikia mdomo wa gunia."

Ndipo nikafikiria vifungo. Mabaki ya kitambaa yalikuwa mabaki membamba. Nikayaunga yakawa tepe mbili ndefu, nikazishona kila upande wa mpasuko, upana ukapatikana. Nikatoboa matundu kwa mkono, madogo, yaliyobanana, mstari mmoja kuanzia shingo hadi chini ya kiuno. Vifungo nikavivika kitambaa cheupe. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo kwa sababu sijasema hivyo mara nyingi. Ukilitazama kwa nyuma ungedhani gauni zima lilitungwa kwa ajili ya ule mstari wa vifungo. Na kwa kuwa lilifunguka nyuma, zipu ya ubavuni sikuiweka.

Mama Stempu alikuja kulijaribu. Aliligeuza, akaligeuza tena.

"Zipu iko wapi?"

"Nimeweka vifungo, mama."

"Naviona. Viko nyuma."

"Ndiyo, mama. Ni mtindo."

"Mtindo wa nani?"

Nikamshikia gauni. Akavaa, akanigeuzia mgongo, nikaanza kufunga. Lilimkaa. Alijitazama kwenye kioo changu kidogo kwa vipande, bega kwanza, kisha kiuno, kisha akanyoosha shingo kuona nyuma. Nikaona uso wake umelainika. Halafu ukarudi.

"Binti, mkono wangu huu hata kujikuna haufiki. Naishi peke yangu. Nani atanifunga vifungo?"

"Nitakufunga mimi."

"Na nani atanifungua?"

"Mimi pia, mama."

Mama Mkwe alikuwa juu ya cherehani, ameinua mguu mmoja anajilamba. Mama Stempu alimtazama kwa muda.

"Huyu anahusika," akasema. "Sijui kwa vipi, lakini huo ni uso wa mtu anayehusika."

"Hapana, mama."

"Nikiaibika mbele ya watu, usije kuniuliza paka wako ameelekea wapi."

Siku ya kuagwa aliniita kupitia juu ya ukuta, asubuhi. "Fundi! Mtindo wako unakusubiri!" Nilimkuta amesimama katikati ya chumba na viatu vipya, nywele amezichana. Nikaanzia chini. Mgongo wake ulikuwa na alama za kulala, kama mgongo wa mtoto, na kovu dogo la zamani ambalo nadhani hata yeye hakulijua.

"Usinibane kama kifurushi."

"Sikubani, mama. Pumua."

"Bado?"

"Bado kidogo."

"Basi polepole. Gari lenyewe halijafika."

Nikafunga polepole. Nilipomaliza cha shingoni, hakuondoka mara moja. Alibaki amesimama, kichwa ameinamisha, kama anayesubiri kuambiwa kwamba kimoja kimeachwa. Nikapitisha mkono juu ya mstari wote, nikasema, "Tayari." Akashika mkoba akaenda.

Nami nilikuwa na furushi la kupeleka dukani. Kule walinikalisha, mashati kadhaa niliyopewa yalikuwa na ukosi mbaya, ikabidi nifumue vifungo vyote vya juu pale pale. Nilirudi magharibi. Mlango wa Mama Stempu ulikuwa wazi, ndani hakuna taa. Nikabisha.

"Umechelewa," akasema gizani.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, amenyooka, viatu amevivua. Hakuweza kuegemea, vifungo vingemchoma. Nikawasha taa. Juu ya meza kulikuwa na saa ya ukutani, bado iko kwenye boksi.

"Umerudi saa hii, mama?"

"Nimerudi mchana. Niliwahi kurudi." Akainuka, akanipa mgongo. "Fungua."

Nikaanza juu. Akawa anazungumza na ukuta. "Hotuba ilikuwa fupi. Yule mkuu mpya aliniita kwa jina la mwenzangu aliyestaafu mwaka jana. Watu wakapiga makofi hivyo hivyo. Wakanipa saa. Sasa mimi na saa, wapi na wapi, naiwahi kazi ipi? Halafu wakaingia wateja. Kila mmoja akarudi dirishani kwake. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi, na boksi."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Kazi ni kazi. Watu wasihudumiwe?" Akajishika bega linalomuuma. "Yule dada wa vifurushi ameniambia, mama, vifungo vyote hivyo, nani kakufunga? Nikamwambia binti yangu."

Vidole vyangu vilikuwa katikati ya mgongo.

"Nimedanganya," akasema upesi. "Sikutaka kuanza kueleza habari za wapangaji."

"Ndiyo, mama."

"Endelea, nimechoka. Na kuna jambo nimelifikiri hapa mchana kutwa. Ungevishona tu vikawa urembo, mpasuko ukaufunga, na zipu ukaiweka ubavuni kama nilivyokuagiza."

Mkono ukasimama. Alikuwa sahihi. Jambo jepesi, na halikunijia kabisa. Mtu aliyetoboa matundu ya vifungo tangu utotoni, akishika kifungo, anatafuta tundu lake.

"Halikunijia, mama."

"Ulikata vibaya."

"Ndiyo."

"Yule alikuwa amelala juu ya kitambaa."

Hapo ningeweza kukataa. Lakini ndani ya tepe ya kushoto, pale nilipoangaza taa, kulikuwa na unywele mmoja wa rangi ya majivu umeshonwa pamoja na kitambaa. Nadhani alishauona.

"Ndiyo, mama."

"Na hukumsukuma."

"Anang'ata."

"Kwa hiyo ulimzunguka."

"Nilimzunguka."

Alishikilia gauni kifuani lisianguke, akageuka. Nilitegemea hasira, ambayo nimeizoea. Alionekana tu mzee. "Nilisema kosa moja," akasema. "Mtu akisema neno lazima asimame nalo. Kesho nitatuma bwana wa mkokoteni aitwe. Nenda kalale."

Asubuhi nilimfungia Mama Mkwe chumbani, nikafunga na dirisha. Alizunguka, akalia, akaangusha sufuria. Nilifikiri kuhama, lakini kuhamia wapi? Na nani angempokea mpangaji anayekuja na mnyama wa namna ile? Nilifikiri kumpigia dada, ingawa haikuwa Jumapili. Nikampigia. Alishtuka: "Kuna nini? Unaumwa?" Nikasema, "Hapana, ni paka." Akasema, "Paka?" Akacheka kwa furaha ya kuona si msiba, kisha mtoto akamwita. Nikaweka simu chini.

Mchana nikafungua mlango kidogo tu nimwage maji. Akapita kati ya miguu yangu kama moshi. Nilimtafuta uani, juu ya paa, nyuma ya pipa la maji. Nikasikia kitu kimevunjika kwa Mama Stempu, kitu cha udongo au cha kioo. Kisha kimya. Nikajua yamekwisha. Sikubisha hata hodi.

Mama Stempu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, amevaa kanga ya nyumbani. Sahani ilikuwa vipande vipande sakafuni. Juu ya meza, mbele yake kabisa, Mama Mkwe alikuwa anakula samaki, akitutolea sauti ya kufoka kila alipotafuna.

"Mama, nisamehe, naomba, nitamtoa, nitahama naye leo hii..."

"Kaa kimya, utamshtua."

Nikakaa kimya.

"Nilimwona tangu mlangoni," akasema, macho hayatoki kwa paka. "Alichungulia. Akaingia kwa tumbo, anatambaa kama mwizi wa kweli. Ningeweza kumfukuza, ndala ninayo hapa. Sikumfukuza. Nilitaka nione atachukua nini." Akafuta paji la uso. "Tangu asubuhi nimekaa hapa, binti. Nimefagia, nimefagia tena. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuingia."

Nje tukasikia magurudumu ya mkokoteni, na sauti ya mwanamume. "Hodi hapa! Mama Stempu! Gunia lenyewe liko wapi?"

Nilimtazama. Yeye alikuwa bado anamtazama paka, ambaye sasa alikuwa anavuta mgongo wa samaki ukingoni mwa meza.

"Gunia gani?" akaita.

"Si umetuma niitwe? Wamesema kuna mzigo wa soko la jumla!"

"Hakuna mzigo!"

"Ah! Mama, nimezunguka mtaa mzima na jua hili!"

"Basi pole! Zunguka tena!"

Magurudumu yakaondoka yakinung'unika pamoja na mwenyewe. Mama Stempu akanyoosha kidole kimoja, polepole, kuelekea kichwa cha Mama Mkwe. Nilitaka kumwonya. Akang'atwa kabla sijafungua mdomo.

"Mshenzi huyu!" akasema, na akakitia kidole mdomoni. Lakini hakuinuka.

Ndivyo paka alivyobaki. Na ndivyo alivyoondoka kwangu, maana tangu siku ile hushinda kwa Mama Stempu. Kule kuna mtu mchana kutwa, kuna samaki, na kuna vitu vingi zaidi vya kuangusha. Mimi nikiwa na furushi langu nawasikia juu ya ukuta. "Toka kwenye mkate wangu. Nimesema toka. Unanitazama nini? Mimi si mtoto mwenzako." Kisha kishindo. Kisha, "Haya, umefurahi?" Ni maneno yale yale niliyokuwa nikisema mimi, na sikujua yakisemwa na mtu mwingine yanasikikaje. Kazi yangu sasa inakwenda haraka. Hakuna anayeficha uzi. Jioni nikirudi, chumba kiko kama nilivyokiacha.

Juzi mvua ilianza mapema, na paka hakuja hata kula. Nilisimama mlangoni na kisahani nikiita. Aliyejibu ni Mama Stempu.

"Yuko huku! Usimtoe nje na mvua hii!"

"Nimemletea chakula, mama."

"Ameshakula! Changu na chake!" Halafu, "Kama unataka kumwona, pita."

Nikajifunika kitambaa kichwani, nikavuka uani. Mama Stempu alikuwa amekaa kitandani, miguu imening'inia, kwa sababu kile kiti chake, kiti pekee, kilikuwa na mwenyewe. Mama Mkwe alikuwa amejikunja juu ya mto, jicho moja wazi, akihakikisha hakuna anayemkaribia.

"Siwezi kumwinua," Mama Stempu akasema. "Jaribu wewe, wewe umemzoea."

"Hapana, mama. Mwache tu."

Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, upande wa pili wa ule ukuta wangu. Redio ilikuwa inasoma habari za mbali. Nilitazama juu, nikaona pale ukuta unapoishia, na giza la chumba changu nyuma yake. Mvua ilipopungua, nilisema usiku mwema. Mama Stempu alikuwa ameshasinzia. Paka alinitazama mpaka nikafika mlangoni, kisha akafumba lile jicho.